Acha Macho Mawili

KARANI: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

FUNDI: Huijui kwa sababu ile unayoijua nimekupigia nayo mara nne tangu asubuhi, inaita tu. Nikaona nijaribu laini nyingine. Kumbe ya mgeni unapokea upesi.

KARANI: Samahani, naongea na nani?

FUNDI: Mwenye mrehani.

KARANI: Mwenye nini?

FUNDI: Mrehani. Ule ulio kwenye ndoo ya rangi, juu ya kijiukuta, nyuma ya jiko lako. Ule ulioufanyia unyama.

KARANI: Aa. Wifi.

FUNDI: Ndiyo. Dada wa mumeo, yule yule, fundi cherehani. Na mdogo akishamtambua mkubwa kwenye simu, huwa kuna neno linatangulia.

KARANI: Shikamoo.

FUNDI: Marahaba. Imekuja inaburuta miguu, lakini imefika. Sasa niambie, ule mrehani umeuchuma kwa mikono au kwa meno?

KARANI: Wifi, leo ni Jumamosi. Wiki nzima nimeshinda ofisini natafuta mafaili ya watu. Kama umenipigia kunitukana, tukana haraka nirudi kufua.

FUNDI: Sikutukani. Nauliza kama mtu wa kazi anavyouliza. Maana mti ule haukuchumwa. Umekwanyuliwa. Umeshika tawi ukavuta kwenda chini, majani yakaja na ganda lake, ukaacha mti uchi kama kuku aliyenyonyolewa halafu akasahaulika kichwani. Chini hakuna jani hata moja. Juu umeacha vishungi, na vishungi vyenyewe vina maua. Mtu aliyesoma mpaka akapewa meza na mhuri hajui kuchuma jani.

KARANI: Meza ninayo, ndiyo. Na kwenye meza ile hakuna anayenifundisha—

FUNDI: Ndiyo maana.

KARANI: Ngoja kwanza. Ngoja. Maua umeyajuaje?

FUNDI: Nimeyajuaje vipi?

KARANI: Maua yametoka Alhamisi. Wewe siku yako ya kuja ni Jumatatu. Maua umeyaonaje?

FUNDI: [mkwaruzo] ...mtandao huu...

KARANI: Mtandao mzuri kabisa. Umeingia kwangu leo.

FUNDI: Nimepita. Ulikuwa umekwenda dukani.

KARANI: Kwa hiyo ulikuwa umesimama mahali unangoja nitoke.

FUNDI: Sikungoja. Nilikuta umetoka. Nikafungua geti la nyuma kwa ufunguo wangu, sikuvunja kitu, nikaingia nichume majani matatu ya chai, nikakuta msiba. Hata hayo matatu sikuyapata. Nimerudi na mkono mtupu na mfuko wangu wa nailoni nimeukunja vilevile.

KARANI: Ufunguo wako.

FUNDI: Nilipewa na mdogo wangu. Siku ninahama alisema, dada, kaa na huu, mrehani wako utakuja kuuangalia. Maneno yake.

KARANI: Na mimi nina maneno yangu, nilitaka nikupigie leo nikwambie, umeniwahi. Jumatatu uje uchukue ndoo yako na uache ufunguo mezani. Miezi saba nimeolewa humu, na bado nikitoka kuoga najifunga kanga mpaka shingoni maana sijui kama wifi yuko uani.

FUNDI: Ndoo ile haibebeki.

KARANI: Utatafuta mkokoteni.

FUNDI: Na ukiihamisha na hali iliyo nayo, utakuwa umemalizia kazi. Mti umenyang'anywa majani yote makubwa. Unakula nini? Jani ndilo jiko lake. Umebomoa jiko, sasa unataka ahamishwe na nyumba.

KARANI: Unazungumzia mti?

FUNDI: Nazungumzia nini tena?

KARANI: Haya.

FUNDI: Usiniambie haya kwa sauti hiyo. Niambie kwa nini. Nilikutumia maneno, wiki iliyopita, maneno mepesi, hata mtu aliyelala angeyaelewa. Hukuyafuata. Ulifanya makusudi?

KARANI: Ndiyo.

FUNDI: Nini?

KARANI: Nilifanya makusudi. Jumanne nilikwanyua lile shina na lile, nikajaza mfuko, nikaenda nao ofisini nikagawa. Meza kwa meza. Mhasibu alichukua, mlinzi alichukua, hata bosi alitia kwenye chai yake akasifia.

FUNDI: Mrehani wangu, niliouotesha kwa mbegu moja moja, unaogelea kwenye vikombe vya makarani.

KARANI: Na wamesema nilete tena.

FUNDI: Kwa kosa gani nililokufanyia?

KARANI: Unaniuliza kosa. Wewe uliyemtuma mume wangu aje aniambie kwenye nyumba yangu kwamba niweke macho mawili kwenye ndoo yako.

FUNDI: Uweke nini?

KARANI: Macho mawili. Alitoka safari, viatu hata hajavua, akaniambia, dada anasema uweke macho mawili kwenye mrehani wake, usisahau, amesisitiza. Nikamuuliza, macho ya nini, kuna nini? Akasema hakueleza, alisema tu macho mawili. Usiku nilikaa nikapiga hesabu. Nyumba hii ina watu wawili. Mmoja anaendesha lori, siku tano kwa wiki yuko barabarani. Kuku hatuna, mbuzi hatuna. Mwizi wa kuwekewa macho ni nani kama si mimi? Nikasema sawa. Nimeitwa mwizi, basi niibe kisawasawa.

FUNDI: [kimya kirefu]

KARANI: Haloo? Umekata?

FUNDI: Niko. Natafuta pa kukaa. Wifi, mimi sikusema uweke. Nilisema uache.

KARANI: Niache nini?

FUNDI: Uache macho mawili. Nilimwambia hivi, na mteja wangu alikuwepo, amesimama namchukua vipimo, anasikia: mwambie mkeo, akichuma, aache macho mawili. Aache.

KARANI: Kuacha macho ndiyo kufanyaje?

FUNDI: Macho ya mti. Pale jani linapokutana na shina, kwenye kwapa, kuna kijipele. Kila upande kimoja. Hilo ndilo jicho. Ukikata tawi juu yake, ukayaacha yale mawili, yanaamka, yanatoka matawi mawili mahali palipokuwa na moja. Wiki tatu una mti mnene kuliko wa kwanza. Ukikata chini yake, au ukivuta jani likaja na ganda, umeyang'oa. Ndiyo hayo tu. Habari ya uchumaji. Hakuna mwizi.

KARANI: Yeye alisema uweke.

FUNDI: Na wewe ukamwamini. Miezi saba unaishi naye bado unamwamini kwenye maneno?

KARANI: Ni mume wangu.

FUNDI: Ni mdogo wangu, nimemlea, na sijawahi kumtuma kitu kikafika kilivyo. Nilimwagiza bitana ya koti, nyeusi, mita mbili. Akaniletea kitambaa cha pazia chenye maua, akanieleza kwamba muuzaji amesema ndiyo inayopendwa.

KARANI: Mwezi uliopita nilimwambia alete balbu, ya chumbani imeungua. Akaleta ya lori.

FUNDI: Unaona.

KARANI: Akajaribu kuifunga.

FUNDI: [anakohoa]

KARANI: Unacheka?

FUNDI: Sicheki. Vumbi la kitambaa hili. Nakohoa.

KARANI: Hata hivyo ungenipigia mwenyewe. Namba yangu unayo.

FUNDI: Ungepokea?

KARANI: Pengine nisingepokea.

FUNDI: Basi tusidanganyane. Uko wapi sasa hivi?

KARANI: Uani. Nimesimama hapa hapa karibu na ndoo, nakuangalizia maiti yako.

FUNDI: Una mkasi?

KARANI: Upo wa jikoni.

FUNDI: Unakatia nini?

KARANI: Pakiti za maziwa. Na plasta. Na juzi alikatia kucha za miguu, yeye.

FUNDI: Kaoshe. Maji ya moto na sabuni. Sitaki ukucha wa mdogo wangu kwenye mti wangu. Nakusubiri, lakini fanya haraka, salio ni la kukwangua.

KARANI: [maji, mkwaruzo] Haya, nimeosha. Lakini kuwe na jambo moja wazi, wifi. Nausaidia mti. Habari ya ufunguo iko pale pale.

FUNDI: Nimesikia. Sasa hesabu matawi.

KARANI: Sita, saba... tisa.

FUNDI: Mangapi yamechubuka ganda?

KARANI: Manne. Yana michirizi kama yamekwaruzwa na paka.

FUNDI: Paka ana adabu. Hayo manne yaache, usiyaguse leo, huenda yakapona, huenda yakafa, tutajua mbele. Shika moja kati ya yale matano. Vidole viwili, anzia chini, panda taratibu. Papasa palipokuwa na jani.

KARANI: Pako laini tu.

FUNDI: Panda.

KARANI: Laini... laini... Hapa kuna kitu. Kama kichunusi.

FUNDI: Geuza upande wa pili.

KARANI: Na huku kipo. Kidogo sana, kibichi.

FUNDI: Ndiyo macho hayo. Hukuyaua yote. Kwa mtu aliyefanya makusudi, hata kuharibu hukujua vizuri.

KARANI: Asante.

FUNDI: Haikuwa sifa. Sasa juu ya macho hayo pima upana wa kidole kimoja. Kata hapo. Usikate ukiyagusa, yatakauka. Usiache kijiti kirefu, kitaoza. Na kata mara moja, mkasi usisitesite.

KARANI: Nikikosea?

FUNDI: Umekwisha kukosea. Kata.

KARANI: [mlio wa mkasi] Nimekata.

FUNDI: Nimesikia. Ulifumba macho?

KARANI: Moja.

FUNDI: Kuna vijani vimebaki pale juu, chini ya maua?

KARANI: Vimekuja na kile kishungi nilichokata. Kwenye tawi limebaki jani moja dogo.

FUNDI: Liache. Mti ukiwa mzima, gawa mara tatu, chukua fungu moja, acha mawili. Ukiwa umepigwa kama huu, hata jani moja ni la kuombewa. Yale manne yaliyobaki kati ya matano mazima usiyakate kama hilo. Yafuate moja moja, nyonyoa maua tu kwa kucha, yanamaliza nguvu. Ukiacha mrehani utoe maua na mbegu, unaona umeshamaliza kazi yake duniani, unaanza kujifia. Kila ukiutoa maua, unauambia bado.

KARANI: Wewe unaongea nao?

FUNDI: Nani?

KARANI: Mti.

FUNDI: Naishi peke yangu, nitaongea na nani, na cherehani? Nyonyoa maua.

KARANI: Nanyonyoa. Harufu yake imenishika mpaka kiwiko. Hiki kishungi nitupe wapi?

FUNDI: Usitupe. Toa ua lake, toa vijani vya chini, tia kwenye glasi ya maji. Weka penye mwanga. Siku kumi kitatoa mizizi.

KARANI: Kinakuwa mti mwingine?

FUNDI: Mti kamili.

KARANI: Kumbe. Basi dawa imepatikana, wifi. Nitakata na hivi vingine vikipata nguvu, nitakuotesha vitano, sita, kwenye makopo madogo. Makopo yanabebeka. Unaweka kwako, unachuma asubuhi na jioni, hutapanda basi kuja huku. Chumba chako ni kikubwa, madirisha mawili, jua mpaka jioni. Yeye kila akirudi kukutembelea anasifia.

FUNDI: [mkwaruzo] ...sikusi... unakatika...

KARANI: Sikatiki.

FUNDI: ...mtandao wa huku...

KARANI: Wifi. Cherehani ya jirani yako naisikia inavyolia. Mtandao ni mzima.

FUNDI: Hakuna jua.

KARANI: Wapi?

FUNDI: Kwangu. Dirisha ni moja na linatazama ukuta wa nyumba ya pili. Nikinyoosha mkono naugusa. Nimewahi kuweka mche pale, mwezi ule wa kwanza. Ulirefuka ukawa mweupe kama uzi, ukalala.

KARANI: Lakini yeye alisema—

FUNDI: Alisema nilichomwambia. Safari hiyo ndiyo pekee maneno yangu yamefika sawasawa.

KARANI: Amewahi kuingia humo?

FUNDI: Nampokea dukani nje, namwekea kiti, tunanywa soda. Simfungulii chumba.

KARANI: Miezi saba.

FUNDI: Kushona nashonea dukani, kuna mwanga. Chumbani ni pa kulala tu. Mtu akilala anahitaji dirisha la nini?

KARANI: Na ulihama hapa mwenyewe. Yeye aliniapia. Alisema hakukuambia uondoke, alikukuta umefunga mizigo.

FUNDI: Mtu anaoa. Ulitaka nikae kwenye kona ya sebule nimhesabie mkewe vijiko? Nilifunga mizigo kabla hajalazimika kufungua mdomo. Na angefungua, unamjua, angeniambia kitu kingine kabisa.

KARANI: [kimya]

FUNDI: Usinyamaze hivyo. Sikukupigia unionee huruma. Huruma ya mtu anayekwanyua majani sina pa kuiweka.

KARANI: Sikuonei. Nafikiri.

FUNDI: Fikiri upesi. [mlio] Umesikia? Hiyo ni salio.

KARANI: Nimwambie?

FUNDI: Ukimwambia sitakanyaga tena hapo. Hata kwa kuchungulia.

KARANI: Simwambii. Nikimwambia atakuja kukupongeza kwa kununua nyumba.

FUNDI: [anakohoa]

KARANI: Vumbi hilo litakuua. Sikiliza, wifi. Ufunguo bado nautaka.

FUNDI: Najua.

KARANI: Sitaki mtu aingie kwangu nikiwa sipo. Awe nani. Hata kama ukuta huu aliupaka rangi mwenyewe.

FUNDI: Mikono miwili ya rangi, na hiyo ndoo—

KARANI: Wifi.

FUNDI: Haya. Nimesikia. Jumatatu nitauleta. Nitaupitisha chini ya geti, hutaniona.

KARANI: Sijasema usionekane. Jumatatu natoka kwenda kazini saa mbili na nusu. Njoo saa moja na nusu. Ndoo itakuwa pale pale ilipo, sina mgongo wa kuihamisha. Utaangalia hayo manne yaliyochubuka, utachuma majani yako kama kuna cha kuchuma, utanisimamia nione unavyofanya. Jumatatu nyingine vilevile.

FUNDI: Saa moja na nusu nakuwa nafungua duka.

KARANI: Utafungua saa tatu. Sketi yangu ya kazini ulikaa nayo wiki tano, leo ndiyo unajali saa?

FUNDI: Kiuno ulichonipa kilikuwa cha uongo. Nilishona, nikafumua, nikashona—

KARANI: Njoo na tepu ya kupimia basi, upime upya.

FUNDI: [mlio] Imebaki kidogo. Glasi usiiweke juani moja kwa moja, maji yatachemka. Kivulini penye mwanga. Maji badilisha kila baada ya siku mbili, usiseme umesahau.

KARANI: Siku mbili. Na wewe ukija pita mbele, kama watu. Siyo getini.

FUNDI: Nibishe hodi? Mimi?

KARANI: Wewe. Nitafungua. Kengele imekufa, kwa hiyo gonga kwa ngu—

FUNDI: Haijafa. Nani kakwambia imekufa? Unabonyeza pembeni, upande wa chini, siyo katikati, halafu unashikilia mpaka isikike kama inakoroma. Miaka kumi na moja ni hivyo hi—

KARANI: Pembeni upande gani? Haloo? Wifi?